Picha za setilaiti zinasema msitu umepungua, wazee wanasema miti imeongezeka. Nishike lipi?

Mpimanyika

Wakuu, habari za kazi. Nina matokeo mawili yanayogombana, naomba msaada wa wenye uzoefu.

Utafiti ni wa mabadiliko ya matumizi ya ardhi katika vijiji vinne vinavyopakana. Uoto wa asili ni miombo (misitu ya wazi ambayo miti yake mingi hupukutisha majani kiangazi), mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Jina la eneo naliacha kwa makusudi. Nimetumia picha mbili za setilaiti za Landsat, moja ya Februari 1995 na nyingine ya Septemba 2022, kwa sababu ndizo nilizozipata bila mawingu mengi. Kila picha nimeiainisha peke yake katika makundi matatu: msitu, mashamba, na nyasi pamoja na ardhi wazi. Halafu nikalinganisha ramani na ramani, pikseli kwa pikseli (yaani kila kimraba kidogo kinachounda picha). Usahihi wa kila ramani umetoka kama asilimia 85. Jibu: msitu umepungua kwa karibu theluthi moja ya eneo lote.

Majadiliano ya vikundi yanasema mengine. Wazee wa kiume wanashikilia kwamba miti ni mingi kuliko walipokuwa vijana. Wafugaji wanalalamika kwamba vichaka vimeziba malisho. Kina mama wanasema kuni zinafuatwa mbali zaidi siku hizi. Yaani hata wenyeji wenyewe hawasemi kitu kimoja.

Msimamizi anataka sura ya matokeo iwe na jibu moja. Niandike kwamba kumbukumbu za watu si za kutegemea? Au tatizo liko kwenye picha? Na nikirudi uwandani nipime nini?

Pikseli900

Mkuu, kabla hujamgusa mzee yeyote, rudi kwenye tarehe zako. Februari ni katikati ya mvua: miti ina majani, nyasi ni kijani, hata mahindi shambani ni kijani. Septemba ni mwisho wa kiangazi: sehemu kubwa ya miti imepukutika, nyasi zimekauka na moto umeshapita. Halafu miombo ina tabia ya kutoa majani mapya kabla mvua haijaanza, mara nyingi Septemba na Oktoba, kwa hiyo ndani ya picha hiyohiyo mteremko mmoja unaonekana umekufa na wa pili umeshaanza kuchipua. Programu haijui hayo, yenyewe inapima mwanga unaorudi tu. Sehemu ya theluthi yako ni majani yaliyoanguka, si miti iliyokatwa. Na kovu la moto lina rangi inayokaribiana mno na shamba lililolimwa juzi.

Kwa uoto wa aina hiyo muda mzuri ni Mei hadi mapema Julai. Mvua zimekwisha, mawingu ni machache, nyasi zinakauka lakini miti bado ina majani, na hapo ndipo mti na nyasi vinapoachana kwa rangi. Usichukue picha moja. Kusanya zote za miezi hiyo kwa miaka mitatu mfululizo kila upande, tuseme 1994 hadi 1996 na 2021 hadi 2023, ondoa mawingu pamoja na vivuli vyake, kisha chukua thamani ya kati ya kila pikseli. Mwaka mmoja wa ukame hautakuyumbisha tena. Hifadhi ya picha za Landsat 5 kwa sehemu nyingi za Afrika ina mapengo makubwa miaka ya 1990. Ukikosa picha, panua miaka kabla ya kupanua miezi. Ukitaka kipindi cha kati, kumbuka Landsat 7 iliharibika kifaa chake cha kusahihisha mistari tarehe 31 Mei 2003, na tangu hapo kila picha yake ilikosa takribani asilimia 22 ya data.

Tatizo la pili ni kutoa ramani kwenye ramani. Ramani mbili zenye usahihi wa asilimia 85 kila moja, kama makosa yake hayahusiani, zinakupa ramani ya mabadiliko yenye usahihi wa 0.85 × 0.85, yaani kama asilimia 72. Zaidi ya robo ya pikseli inaweza kuwa na kosa, na wewe unadai theluthi. Huwezi kulitetea hilo mbele ya mtahini yeyote mwenye macho.

Panga picha za vipindi vyote viwili pamoja na uainishe mabadiliko moja kwa moja: msitu uliobaki, uliopotea, ulioongezeka, na pasipo msitu wakati wote. Kisha tupa nukta za bahati nasibu ndani ya kila kundi, zisipungue 50 hata kwa kundi dogo kabisa, uzikague kwa macho bila kujua ramani imesema nini. Kwa 2022 utatumia picha kali za Google Earth. Kwa 1995 usizitafute. IKONOS, setilaiti ya kwanza ya kibiashara yenye ukali wa mita 1, ilirushwa 1999. Ulizia picha za ndege kwa idara ya upimaji na ramani, na zikikosekana kagua kwa mfululizo wa Landsat yenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Eneo lipatikane kwenye nukta hizo, si kwa kuhesabu pikseli. Mfano, nikirahisisha makundi yawe matatu: ramani inasema uliopotea ni asilimia 10 ya eneo, uliobaki 40, pasipo msitu 50. Umekagua nukta 100 kila kundi. Kwenye "uliopotea", 80 ni upotevu wa kweli. Kwenye "uliobaki", 3 kumbe ni upotevu. Kwenye "pasipo msitu", 2. Upotevu ni 0.10 × 0.80 + 0.40 × 0.03 + 0.50 × 0.02 = 0.102, yaani asilimia 10.2 ya eneo, na kwa uhakika wa asilimia 95 kosa lake ni kama 2.1 juu au chini. Ona nukta 3 tu za kundi kubwa zilivyoongeza asilimia 1.2 ya eneo lote. Hapo ndipo watu wengi wanapopigwa bila kujua.

KikaoChini

Mpimanyika, mimi sioni kama wenyeji wako wamepingana. Umewauliza swali moja, wao wamekujibu matatu.

Mzee anapozungumzia miti huenda anahesabu iliyo mashambani na kando ya nyumba. Mfugaji anazungumzia vichaka kwenye malisho. Mama anazungumzia kuni kavu za aina anayoitaka, na mti mbichi uliosimama haumsaidii hata ukiwa mlangoni. Yote matatu yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na bado picha ikawa sahihi. Tena umbali wa kuni unaweza kuongezeka bila mti hata mmoja kukatwa: mpaka wa hifadhi umesogezwa, au mwenye shamba ameacha kuruhusu watu kupita.

Kila dai lipitishe kwenye maswali manne: wapi hasa, mti gani kwa jina la kienyeji, tangu lini, na ukilinganisha na nini. Kwenye daftari andika pia mwaka ambao msemaji alianza kuishi hapo. Aliyeolewa kijijini 2008 ni shahidi mzuri wa kuni za tangu 2008, lakini si shahidi wa 1995. Usipoandika hilo, unachanganya vipindi tofauti kwenye safu moja halafu unashangaa majibu kutofautiana.

Kwa tarehe, watu hawakumbuki namba, wanakumbuka matukio. Tengeneza kalenda ya matukio kwanza, kabla ya swali lolote la miti: mvua za El Niño za 1997 na 1998, njaa fulani, uchaguzi fulani, mwaka shule ilipojengwa. Thibitisha tarehe za matukio hayo kwa nyaraka, kisha uliza "kabla au baada ya". Makosa yatabaki, ila yatakuwa ya mwaka mmoja au miwili, si ya muongo.

Vikundi viwe vya watu sita hadi wanane na vitenganishwe. Ukichanganya wazee na wake zao, umefanya mahojiano na wazee. Chapisha picha ya setilaiti ya Sentinel-2 kwenye karatasi ya A1 kwa kipimo cha 1:10,000, ambapo sentimita moja ni mita 100 na pikseli moja ya mita 10 ni milimita moja. Tumia rangi za kawaida. Zile za infraredi zinazofanya miti iwe myekundu zinakupendeza wewe tu. Weka majina ya mto, barabara na shule, laza karatasi chini, kaskazini ya ramani ielekee kaskazini ya kweli, na uwape dakika kumi watafute nyumba zao bila kuwasaidia. Juu yake bandika nailoni angavu wachore kwa maka peni. Kabla ya mstari wa kwanza, chora misalaba kwenye pembe nne za nailoni juu ya koordineti zinazojulikana. Nailoni ikiteleza bila misalaba hiyo, mchoro wote hauna pa kukaa ukifika kwenye QGIS, programu ya ramani.

Jiulize pia wanakuona wewe ni nani. Wakidhani umetumwa na watu wa misitu, msitu "umeongezeka" ili wasifukuzwe. Wakidhani umeleta mradi wa hewa ya ukaa, jibu linaweza kugeuka ndani ya wiki. Anza na maswali ya matumizi (mnajengea mti gani, mnachungia wapi mwezi wa tisa), na swali la kupungua au kuongezeka liwe la mwisho.

Matuta1930

Naongeza kidogo kwenye hoja za wakuu hapo juu, maana ubishi huu si mpya.

Kissidougou, nchini Guinea, wataalamu kwa miongo mingi waliona visiwa vya msitu kuzunguka vijiji katikati ya savana wakasema hayo ni mabaki ya msitu mkubwa ulioharibiwa na wanakijiji. James Fairhead na Melissa Leach walipolinganisha picha za ndege za 1952 na picha za setilaiti za karibu 1990, na kusikiliza historia za wazee, wakakuta kinyume chake: sehemu nyingi visiwa hivyo vilikuwa vimetengenezwa na watu wenyewe, kwa kupanda, kwa kulima na kuchunga pembezoni ili moto usipite. Machakos, Kenya, nako, maofisa wa kikoloni miaka ya 1930 waliandika kama ardhi inakufa. Kufikia 1990 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na matuta na miti vikaongezeka vilevile.

Lakini msiigeuze Kissidougou kuwa dini. Kuna mahali msitu umekwisha kweli, na kizazi kipya kinaona hali kiliyoikuta ndiyo ya kawaida. Kinachofaa kuigwa pale ni utaratibu: kila chanzo kilipewa nafasi ya kukikosoa kingine.

Na ukijani usiuchukulie kuwa ni neema. Baringo, Kenya, mathenge (mti wa kigeni wenye miiba) iliyoletwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na kuzuia jangwa imefunika malisho kandokando ya ziwa. Kiashiria cha ukijani kitapanda, mfugaji atakwambia ardhi imeharibika, na wote wawili wako sawa. Wafugaji wako wanaolalamikia vichaka wapewe uzito. Waulize ni kichaka gani.

Mpimanyika

Asanteni sana wakuu. Nimeelewa kosa la tarehe, picha nitazipanga upya. Bado maswali mawili. Hao wazee wakisema miti ni mingi mashambani, mbona picha haionyeshi kabisa? Na viwanja vya kupimia miti uwandani viwe vingapi, vya ukubwa gani? GPS niliyonayo ni ya simu.

Pikseli900

Kwa nini haionekani: pikseli ya Landsat ni mita 30 kwa 30, mita za mraba 900. Chukua shamba lenye miti 40 kwa hekta, kila mmoja una mwavuli (matawi na majani yakitazamwa kutoka juu) wa kipenyo cha mita 5. Mwavuli mmoja ni kama mita za mraba 19.6, jumla 785, yaani asilimia 7.9 ya hekta. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inaita msitu eneo la kuanzia hekta 0.5, miti inayozidi mita 5, mwavuli zaidi ya asilimia 10, tena ardhi isiwe ya kilimo. Shamba hilo haliwi msitu kwa kigezo chochote, na programu italiweka kwenye mashamba bila kusita. Mzee akisimama hapo anaona miti 40 ambayo haikuwepo. Ndivyo ilivyo kwa mamilioni ya hekta kusini mwa Niger, Maradi na Zinder, ambako wakulima tangu miaka ya 1980 wameacha visiki vichipue mashambani.

Upande wa pili, hekta 0.5 ni pikseli tano na nusu tu. Ngitili ndogo za Shinyanga (malisho ya akiba yanayofungwa ili uoto urudi) au msitu wa matambiko wenye upana wa mita 40 unaishia kuwa pikseli zilizochanganyika. Hesabu miti ya mashambani kwa macho kwenye picha kali, ndani ya miraba ya hekta moja iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Usiilazimishe Landsat ikufanyie kazi hiyo.

TepeNaKamba

Nakuja kwenye viwanja.

Duara la nusu kipenyo mita 17.84 linakupa hekta 0.1. Ndani yake pima kila shina lenye kipenyo cha sentimita 5 na zaidi, kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, ukisimama upande wa juu wa mteremko. Katikati weka duara dogo la mita 5.64, ambalo ni mita za mraba 100, kwa miche yenye kipenyo cha sentimita 1 hadi 5. Duara linashinda mstatili kwa sababu unahitaji kigingi kimoja na kamba moja. Kwenye mteremko kamba irefushwe: kwa nyuzi 20, mita 17.84 zinakuwa 18.98 zikipimwa kufuata mteremko. Usiporefusha, kiwanja kinakuwa kidogo na miti ya milimani inaonekana michache kuliko ilivyo. Kamba iwe isiyovutika. Ile ya manila mpya ikilowa na kukazwa urefu wake hubadilika.

Idadi haitoki kichwani. Pima viwanja 10 vya majaribio, tafuta mgawo wa utofauti (mkengeuko sanifu ukigawanywa kwa wastani, kwa asilimia), kisha tumia (2 × utofauti ÷ kosa unalokubali) kwa kipeo cha pili. Utofauti ukiwa asilimia 60 na ukakubali kosa la asilimia 20, ni (120 ÷ 20)², viwanja 36 kwa kila kundi la ramani, si kwa utafiti mzima. Ukitaka kosa la asilimia 10 vinakuwa 144, na hapo ndipo bajeti inapoamua.

Simu inatosha ukiitumia kwa adabu. Uwanja wazi inakosea kama mita 5, chini ya miti au bondeni zaidi ya hapo. Simama dakika mbili au tatu kabla ya kuandika, na kitovu cha kiwanja kiwe katikati ya eneo linalofanana la angalau mita 90 kwa 90, pikseli tatu kwa tatu, ili kosa la GPS lisikutupe kwenye kundi jingine. Kama utaweka juu yake ramani za zamani za Kenya, Tanzania au Uganda, angalia mfumo wake wa koordineti: nyingi ziko kwenye Arc 1960, simu iko kwenye WGS84, na tofauti ni kama mita 300. Watu wanachora mipaka ya kijiji juu ya mto usio wake kwa sababu hiyo tu.

Sasa la muhimu kwa ubishi wako: visiki. Hesabu vyote, pima kipenyo kwa urefu wa sentimita 30, andika kama ni cha shoka, msumeno au moto, na kama kinachipua. Miti mingi ya miombo ikikatwa huchipua kisikini na mizizini, mashina mengi membamba mahali pa moja nene. Shina moja la sentimita 40 lina eneo la kitako (eneo la mkato wa shina pale kipenyo kinapopimwa) la mita za mraba 0.126, sawasawa na mashina 16 ya sentimita 10. Kwa hiyo mchoma mkaa akipita, baada ya miaka kadhaa idadi ya mashina inapanda, mwavuli unarudi nusu, mti wa ubao haupo, na kuni kavu hazipo kwa kuwa mashina yote ni machanga. Ukitoa matokeo kama mashina kwa hekta peke yake, mzee ameshinda. Ukiyatoa kama eneo la kitako, picha imeshinda. Weka safu zote mbili kwenye jedwali moja, pamoja na uzito wa kuni kavu zilizoanguka ndani ya lile duara la mita 5.64. Kuni hizo zipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, mwezi mmoja kwa viwanja vyote, kwa sababu baada ya moto wa Agosti hazilingani tena na za Juni.

KikaoChini

Jambo moja kabla uzi haujasonga. Koordineti za visima, misitu ya matambiko na miti ya dawa zisiingie kwenye kiambatisho wala kwenye data utakayoweka wazi. Kupunguza desimali hakutoshi: desimali mbili za nyuzi bado ni kama kilometa moja, na kisima kilicho peke yake ndani ya kilometa moja hakijafichika. Toa matokeo kwa kijiji kizima au kwa gridi. Nailoni halisi zilizochorwa ibaki nazo serikali ya kijiji. Wewe piga picha kila moja ukiwa umesimama juu yake wima, misalaba minne yote ionekane.